Uzito wa Mgeni

Kituo cha utafiti, 21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ukiona muhuri wa haraka kwenye bahasha usishtuke, mimi ni mzima. Naandika kwa sababu barua hii inasafiri na sanduku la mbao lenye matundu, na ndani ya sanduku kuna mtoto wa dubu mweupe. Jike, miezi minne. Nimempima asubuhi: kilo kumi na moja na robo.

Mkurugenzi wa bustani yenu ya wanyama alikubali ombi letu kabla sijamaliza sentensi. Alisema chumba cha baridi kipo na mtunza dubu wake hana mfano. Sikumwambia kwamba huyo asiye na mfano ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Mama wa mtoto huyu tulimkuta amekufa. Njaa, Baba. Hawa chakula chao ni sili, mnyama mnene wa baharini, na sili wanamvizia juu ya barafu ya bahari, kwenye tundu anapochomoza kuvuta pumzi. Barafu siku hizi inachelewa kuganda na inawahi kuvunjika, na bila barafu dubu anabaki ufukweni akitazama maji kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Huyu alitoka pangoni na mtoto mmoja, uti wa mgongo umechomoza. Sina la kuongeza hapo.

Utaratibu wetu unasema mtoto asiye na mama anapigwa risasi asiteseke. Niliiomba kamati iniachie huyu mmoja tu, kwa majaribio. Nilipiga meza, na unajua mimi si mtu wa kupiga meza.

Unga wa maziwa uko kwenye sanduku. Kila baada ya saa nne, bila sukari. Asishike joto.

Baba, huyu asife. Sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii.

Binti yako


Nyumbani, 9 Mei

Daktari wangu,

Marahaba. Shuleni tulifundishwa salamu zijaze nusu ukurasa, lakini wewe umeniletea dubu, basi na mimi naanza na dubu.

Amefika. Alikaa saa tatu uwanja wa ndege kwa sababu afisa wa forodha alitaka karatasi inayosema mnyama anakuja kufanya kazi gani. Nikamwambia, "Kazi yake ni kulia." Alikuwa analia kweli, sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Afisa akagonga muhuri haraka ili tumwondokee.

Wenzangu wamempa jina la Mgeni. Nimempima: kumi na moja kamili. Hiyo robo imebaki njiani. Chumba cha baridi ni ile stoo ya zamani ya nyama ya simba, tumeipaka rangi nyeupe. Mashine yake inakohoa. Nje joto limetukalia kifuani, na kila mlango ukifunguliwa linaingia na mtu. Anakunywa nusu chupa, anaacha. Kisha ananinyonya kiwiko mpaka analala. Nimekaa na kiwiko chekundu wiki nzima, na shangazi yako anauliza ni mwanamke gani wa umri wangu mwenye tabia hiyo.

Mkurugenzi ameshabandika picha yake langoni, kubwa kuliko lango. Nilimwambia mnyama hajapumzika safari. Akasema watu nao wana haki ya kufurahi.

Kuna jambo moja sielewi, nawe ndiye uliyesoma. Mtoto wa mama aliyekufa kwa njaa huja na tumbo kavu. Huyu choo chake cha kwanza, kilichokaukia chini ya sanduku, kilikuwa cha maziwa ya mama, si ya unga wenu. Alikuwa amenyonya siku ileile mliyomchukua. Nieleze.

Shangazi anasema uvae soksi tatu.

Baba yako


Kituo cha utafiti, 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama uwanjani, ndege bado inanguruma. Kuhusu maziwa, wanyama wana mambo yao. Tusilikuze.

Barafu ya ghuba imeondoka. Wiki tatu kabla ya wakati wake. Sili huzalia juu ya barafu, na watoto wao wanatakiwa wanyonye hapo mpaka mafuta yawavimbishe kama magunia. Safari hii barafu imekatika vipande wakiwa bado wananyonya, kila kipande kikaenda na wake. Jana nilitembea ufukweni kilomita mbili. Niliacha kuhesabu watoto wa sili waliokufa nilipofika arobaini. Wamelala kwenye mawe na manyoya yao meupe ya utotoni, yale ambayo hayazuii maji. Na dubu mmoja alikuwa anakula hao waliokufa, taratibu, bila hamu, kama mgonjwa anayelazimishwa.

Huku sasa jua halizami. Nimeziba dirisha na blanketi lakini usingizi hauji. Nikifumba macho namuona yule mtoto.

Niandikie uzito wa Mgeni kila wiki. Mkurugenzi wako hajibu fomu zetu, ana picha za kubandika. Nitatumia namba zako. Nakuambia ukweli, nitazisoma kabla ya salamu.

Wako


Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,

Basi salamu nazitia mwisho. Wiki ya kwanza ya Juni, kilo kumi na tano na nusu. Ya pili, kumi na saba na robo. Ya tatu, kumi na tisa. Anakunywa chupa nzima na kutafuta chini yake. Amejifunza kubeba ndoo kichwani. Wote tunacheka.

Lala, mama. Mgeni hajambo, na mimi sijambo.

Shangazi ana kikohozi kidogo lakini mdomo ni uleule.

Salamu.

Baba yako


Kituo cha utafiti, 14 Julai

Baba,

Kilo kumi na tisa! Nilimsomea Rubani, yule anayeendesha helikopta yetu, akaniinua juu mbele ya watu wa jikoni. Usiku ule nililala muda wa saa kumi bila kugeuka.

Nimezichora namba zako kwenye karatasi na kuna jambo la ajabu. Mstari wa ukuaji wake haufanani na wa dubu weupe hata kidogo. Unafanana na wa dubu wa kahawia, wale wa nchi kavu, karibu gramu kwa gramu. Unajua maana yake? Labda hawa watoto wanaweza kulelewa kwa chakula cha nchi kavu, bila sili, bila barafu. Watu wamebishana juu ya hilo miaka mingi, na jibu linanyonya chupa mkononi mwa baba yangu.

Nitumie picha. Nitumie pia vipimo vya meno ya juu.

Wako, mwenye usingizi


Nyumbani, 3 Agosti

Mwanangu,

Julai yote: ishirini na mbili, ishirini na nne, ishirini na sita na nusu, ishirini na tisa. Kamera imeharibika. Meno hataki yaguswe, na mimi vidole vyangu bado navihitaji.

Usiandike mambo makubwa juu ya mnyama mmoja. Mimi nimelea dubu wawili, chui na watoto wa simba nisiowakumbuka idadi, na najua mnyama mmoja si ushahidi. Namba ni namba tu. Ziache zipumzike.

Niambie kwa nini huyu. Kila mwaka huko wanakufa wengi, na hukuwahi kupiga meza.

Baba yako


Kituo cha utafiti, 28 Agosti

Baba,

Wewe na unyenyekevu wako! Sasa nisikilize, ukae kitako.

Tumepata wengine wawili, ndugu, dume na jike. Mama yao alikuja kijijini kutafuta jalala, akapigwa risasi kwenye uzio wa shule. Hapakuwa na namna. Watoto tuliwakuta nyuma ya matangi ya mafuta, wamejibanza. Kilo kumi na tisa na kumi na saba, nusu ya wanavyotakiwa kuwa.

Kamati ilikuwa inasema risasi. Nikasimama na ripoti yangu, nikawasomea namba zako wiki baada ya wiki. Mwenyekiti aliuliza, "Zimechukuliwa na nani?" Nikamjibu, "Na mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya." Kisha wakapiga kura, wanane kwa wawili.

Wanakuja kwako. Ndege inaondoka tarehe 13 Septemba. Mkurugenzi amepigiwa simu, anasema nafasi ipo. Na kamati imeamua yatima wote wa kuanzia mwaka huu watapelekwa bustani za wanyama badala ya kuuawa. Wote, Baba. Kwa ajili yako.

Binti yako anayejivunia


Nyumbani, 4 Septemba

Mwanangu,

Simamisha ndege.

Mgeni alikufa tarehe 27 Mei, saa nane mchana. Mashine ya baridi ilizimika Ijumaa, fundi akaja Jumatatu. Siku hizo tatu tulimlaza juu ya vipande vya barafu ya wauza samaki, nikampepea na kifuniko cha ndoo. Lakini hata kabla ya mashine alikuwa amekwisha. Alikataa chupa tangu tarehe 20. Mara ya mwisho kumpima alikuwa kilo nane.

Barua yako ya kutolala ilinikuta nikiwa nimeshamaliza kuosha chumba. Ulisema ukifumba macho unamuona. Nikasema, nitampa wiki moja tu alale, kisha nitamwambia. Sikuwa na namba za kukupa, basi nikafungua daftari la yule dubu wa kahawia niliyemlea mwaka ulipoanza shule. Nikanakili. Wiki kwa wiki, kama lilivyo. Ndiyo maana mstari wako ulifanana naye. Ulipoandika kwamba jibu la watu waliosoma liko mkononi mwangu, nilifunga daftari, nikakuandikia ile barua ya ukali.

Nisijifiche nyuma ya mapenzi peke yake. Mkurugenzi aliniambia kifo hicho kibaki ndani mpaka apatikane mwingine, kwa sababu watu wanakuja kwa ajili ya ile picha langoni. Watoto wanaambiwa amelala. Nimebakiza miezi saba nistaafu, nikaogopa. Kwenye daftari la mizoga ameandikwa "mbwa wa mtaani, mmoja." Mwandiko ni wangu.

Hapa hapana mahali pa kulea dubu mweupe. Mashine ni ileile. Simamisha ndege, mama. Barua hii nimeipeleka mwenyewe uwanja wa ndege, nimemkabidhi mtu mkononi. Nimepiga na ile simu yenu ya dharura mara nane, haipokelewi.

Baba yako


Kituo cha utafiti, 15 Septemba

Baba,

Mnara wa simu ya dharura uliangushwa na dhoruba mwanzo wa mwezi huu. Tunangoja kipuri.

Barua yako ilikuja na ndege ileile. Rubani wa mizigo alinitupia furushi la barua nikiwa nimeshika sanduku la pili, nikalitia kwenye koti. Nilifunga mikanda mwenyewe. Niliwapungia mkono mpaka ndege ikawa nukta. Kisha nikaenda jikoni, nikajimiminia chai, nikafungua bahasha yako kwanza, maana nilitaka kusoma namba za Agosti.

Ungeniambia mwezi wa Mei ningelia wiki mbili, ningekwisha kulia. Sasa nimewapeleka wawili kwa mkono wangu, na nyuma yao kuna azimio la kamati lenye jina langu.

Ningependa kukutukana niishie hapo. Lakini uliniuliza jambo mara mbili na mara mbili nikakukwepa.

Mama yake Mgeni mimi ndiye niliyemuua.

Tulikuwa tunamfuata kwa helikopta ili tumlaze, tumvishe mkanda wa kufuatilia mienendo yake. Bunduki ya sindano nilikuwa nayo mimi. Rubani alitazama chini akasema, "Rangi ya barafu hii siipendi, imekuwa kijivu." Nikamwambia, "Ni Aprili. Aprili ghuba hii inabeba trekta." Miaka yote ilikuwa hivyo, Baba. Vitabu vyetu vyote vinasema hivyo. Nikafyatua. Dawa inachukua dakika nne kufanya kazi, na katika dakika hizo dubu anakimbia. Alikimbia na mtoto nyuma yake, na barafu ikafunguka. Dubu anaweza kuogelea siku nzima, ila si yule mwenye dawa ya usingizi mwilini. Alilaza kichwa kwenye maji kama unavyolaza kichwa kwenye mto. Mtoto alibaki ukingoni akimwita.

Alikuwa amekonda kweli, kwa hiyo niliandika "njaa," na hakuna aliyeuliza isipokuwa mtu mmoja aliyetazama choo cha mtoto akaona maziwa. Ulikuwa umenishika, Baba. Ungenibana kidogo tu, ningesema.

Mimi nilikudanganya nikiogopa utaniona muuaji. Wewe ukanidanganya ukiniona mtoto. Kila mmoja wetu alimficha mwenzake mzoga mmoja, na kati yetu tumewatafutia wanyama njia mpya ya kufa.

Nimeiandikia kamati. Nimewaambia yote, yangu na yako.

Sijui nitie sahihi gani hapa chini.


Nyumbani, 8 Oktoba

Mwanangu,

Bado ni baba yako, utie hilo chini.

Masanduku mawili yalifika salama. Nilikuwa nimekwenda kwa Mkurugenzi siku tano kabla. Nilimwambia, "Usiwapokee. Nikiulizwa nitasema ya Mei." Akaagiza chai, akanimiminia mwenyewe. Akasema, "Mzee, ya Mei yana mwandiko wa nani?" Nikarudisha kikombe mezani. Akasema, "Umechoka. Pumzika kuanzia leo." Nikavua buti mlangoni pake, zile za mpira, nikarudi nyumbani na viatu vya kuazima. Miaka thelathini na moja, na hawakunipa nafasi hata ya kuwaaga simba.

Nikaenda kwenye gazeti. Kijana wa pale aliandika kila kitu, mpaka kuhusu mbwa. Iliyotoka ni picha ya Mkurugenzi amembeba yule jike, na maneno "Mgeni aletewa ndugu."

Sasa nakata tiketi kama watu wengine, nasimama mbele ya kioo cha chumba chao. Yule mama wa zamu ya pili, niliyemfundisha kazi, ndiye anayewalisha. Hanitazami usoni, ila akinikuta ananyoosha vidole vya kilo walizoongeza tangu wafike. Dume anapanda kidogo. Jike kwa wiki mbili ni vidole vilevile, na juzi mama yule alikunja kimoja. Watu wanapiga makofi jike akitikisa kichwa kushoto kulia, kushoto kulia. Wanadhani anacheza. Mnyama anayefanya vile akili yake imeshaondoka.

Kuhusu mama yake Mgeni. Nimesoma barua yako mara nyingi, nikamsomea na shangazi. Alizima redio, na unajua redio ya shangazi yako haizimwi. Kisha akasema, "Binti yetu alikuwa anafuata kalenda iliyokufa." Mimi sina neno zuri kama lake. Nasema tu kwamba nisingekuona muuaji. Ningekuona umekosea, kama nilivyokosea mimi, na tungelia pamoja, na wale wawili labda wasingekuwa nyuma ya kioo.

Njoo nyumbani. Chumba chako nimekipaka rangi.

Baba yako


Kituo cha utafiti, 17 Novemba

Baba,

Shikamoo. Asante kwa kuniandikia uliyoyaona, hata kidole kile kilichokunjwa. Endelea.

Kamati imekaa. Mimi wamenipa onyo la maandishi. Nilingoja wanifukuze, nikasahau kwamba hakuna anayetaka kazi hii. Ripoti yangu ya kwanza imefutwa, na azimio lake limefutwa pamoja nayo. Hakuna yatima tena atakayepelekwa bustanini, kwa sababu tumethibitisha kwamba wanakufa huko. Tumerudi kwenye utaratibu wa zamani, wa risasi. Nikawauliza, "Nani atafanya?" Mwenyekiti akatazama karatasi zake akasema, "Daktari wa kituo." Ndiye mimi. Kwa hiyo nimesema ukweli, Baba, na hivyo ndivyo ulivyopokelewa.

Leo ni tarehe 17 na bahari bado ni maji. Mwaka nilipofika hapa, tarehe kama hii tulikuwa tunatembea juu yake. Nje ya dirisha langu wako dubu tisa. Wamejipanga ufukweni, wengine wamelala, wengine wanaweka mguu majini wanautoa. Wanasubiri bahari igande. Wamekaa hivyo wiki ya tano.

Jana wa kumi alikuja peke yake mpaka kwenye mlango wa jiko. Dume, miezi kumi na moja, ngozi imemning'inia kama koti la kaka yake. Siku sita tulikuwa tunamwona kwa mbali bila mama. Mpishi alimrushia maganda na alikuwa anayala. Nilitoka na ile bunduki nyingine, ya risasi. Aliniangalia, akanifuata hatua chache, akidhani nina kitu mkononi cha kumpa.

Ilikuwa saa sita mchana, mwanga ni ule mdogo wa msimu huu. Nilifanya mara moja, hakulia. Kisha nikampima, kwa sababu ni kazi yangu, nikaandika kwenye fomu sababu ya kifo, kwa jina langu, bila kupamba.

Umeniambia nije nyumbani. Nimefikiri sana. Nikiondoka ataletwa mtu mwingine, na mimi nimeshamwona mtu huyo, yuko kituo cha pili, anaifanya kazi hii huku anapiga mluzi. Mimi mkono bado unatetemeka. Nadhani dubu hawa wanastahili angalau mtu ambaye mkono wake unatetemeka.

Binti yako